Sisi Tunapitisha Tu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkapoteza muda kumtafuta mjinga mwingine katikati ya hadithi. Wengine wapo, lakini wote walinikuta nimeshafika.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfikia likiwa limefungiwa kachori: naitwa Najim Issa, nina steshenari hapa Bagamoyo, nyuma ya soko. Kabla ya steshenari nilifuga kuku, wakafa. Nikalima mwani, ukaoza. Nikanunua pikipiki, ikaibiwa na mtu niliyemwachia ailinde isiibiwe. Sasa natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu: MAMBO YOTE YA MTANDAO HAPA.

Hilo neno "yote" ndilo lililoniponza.

Niliwaacha pale Bi Esha alipoingia dukani, ushungi umemfika puani, akaufunga mlango nyuma yake huku wateja wangu wamebaki nje na karatasi zao mkononi.

Bi Esha wa Kaole ni kungwi. Kutoka Kaole mpaka Msata, binti anayekwenda kuolewa hupita kwanza mkononi mwake akafundwa. Na kwa kuwa wanawali wa siku hizi wengine wako Dar, wengine Muskati, aliyarekodi mafunzo yake kwa sauti, akawa anawauzia kwa simu, mwali kwa mwali, kwa kiapo kwamba sikio la mwanamume halitasikia hata salamu yake.

Bi Esha ndiye shangazi aliyemlea Adila. Adila mnamjua, nimemtaja katika kila toleo, hata yale ya kuku. Ndiye aliyemlea pia Zaina, binamu yake Adila, aliyeachika mara mbili na ambaye kila akinikuta njiani husema na mume wa tatu atatenganishwa na mauti tu, na jicho lake likiwa kwangu.

Posa yangu kwa Adila ilikuwa imeshafika Kaole, imepelekwa na mshenga wangu, Mzee Abdala. Jibu lilikuwa halijatoka. Kwa hiyo Bi Esha alipofunga ule mlango, mimi nilidhani jibu limekuja kwa miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Kiti ni changu, lakini nilikikalia kama mgeni.

"Jana nimepita kwa Ishaka kinyozi," akasema. "Nikasikia mtu anakohoa ndani ya spika. Nikasimama. Nikasema, kikohozi kile nakijua. Najim, kikohozi kile ni changu."

"Subhanallah."

"Wanaume wamejaa kwenye benchi, mmoja ana povu mashavuni, wote kimya kama wanasikiliza hutuba. Nikamwuliza Ishaka, mwanangu, hii sauti umeitoa wapi? Akaniambia, aa, mama, mimi nimetumiwa. Mimi napitisha tu."

Kumbe kuna mtu alikuwa ameyachukua mafunzo yote akayaweka kwenye tovuti. Bure. Unafungua, unasikiliza, na pembeni kuna matangazo ya dawa za nguvu za kiume.

"Wenye mwali wa Msata wamenipigia," akaendelea. Hapo sauti yake ikapungua, na mimi sikuwahi kuisikia ikipungua. "Wamesema kungwi ambaye siri zake watu wananyolea ndevu, hawamtaki. Wamenipa mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa sauti ingalipo, kazi wanampa mwingine. Na akinikataa mmoja leo, kesho watanikataa wote. Mimi sina shamba wala duka, mwanangu. Nina mdomo wangu huu, na watu wanauamini kwa sababu ukisema na mwali hausemi na mwingine."

Akanyoosha kidole mlangoni.

"Mlangoni umeandika mambo yote. Hili limo au halimo?"

"Limo, mama."

"Basi litoe. Likitoka, Ijumaa njoo na mshenga wako tuzungumze habari ya Adila. Lisipotoka, mwambie Mzee Abdala apumzishe magoti yake." Akasimama, akajitanda upya. "Na jina langu lisiende huko. Umenielewa?"

"Halitakwenda, mama."

Na kweli halikwenda. Nilifanya jambo baya zaidi.

*

Nikaanza kumtafuta mwenye tovuti. Kila nilipogonga, aliyefungua mlango ni kampuni moja ya ng'ambo. Kazi yake, nikaja kuelewa, ni kusimama mbele ya tovuti za watu. Ukiita, inaitika yenyewe. Ukirusha jiwe, linaipata yenyewe. Mwenye tovuti yuko nyuma yake, hajulikani jina, hajulikani mji, anakunywa chai.

Mtu wa bara angesema: huyu ni mlinzi wa geti. Mimi mtoto wa Bagamoyo nikasema: huyu ni mshenga!

Na mshenga sisi tunamjua. Ukizungumza na mshenga huzungumzi nusunusu kama mtu anayenunua nyanya. Unatoa salamu, unataja ukoo, unasema nyumba yenu iko wapi na baba yako alikuwa nani, ili neno lako lifike na heshima zake. Na mshenga naye ni amana. Anajua neno la kupeleka na neno la kumeza.

Ujinga wangu uliegemea hapo, ukapata usingizi.

Kampuni ilikuwa na fomu yake ya kulalamikia wizi wa hakimiliki. Jina? Nikaandika Najim Issa Mwinyimvua. Anwani? Nikaandika: nyumba yenye milango ya kijani nyuma ya msikiti, ukifika uliza kwa marehemu Issa fundi magodoro. Simu? Nikaweka zote, hata ile ambayo kioo kimepasuka.

Nikatafuta mahali pa salamu, sikupaona. Wenzetu wanalalamika bila kusalimiana! Nikazipenyeza kwenye maelezo mengine: *Assalamu alaykum. Natumai wewe, wazazi wako na wote wa nyumbani hamjambo. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa huu wizi.*

Fomu ikauliza: mwenye hakimiliki ni nani?

Bi Esha kakataza jina lake. Nikaruka pale, fomu ikageuka nyekundu. Nikaweka kistari, nyekundu. Nikaweka "mtu mmoja", nyekundu tena. Nikakuna kichwa, kisha nikaandika: *Mama mkwe wangu mtarajiwa.*

Ikakubali. Kompyuta haina haya.

Halafu ikataka nithibitishe kwamba ile kazi naijua. Hapa naomba niwaambie ukweli ambao mpaka leo hakuna anayeuamini. Niliifungua ile sauti. Bi Esha akakohoa. Kisha akasema, kwa upole ambao sijawahi kupewa, "Mwanangu, kwanza funga mlango."

Nilifunga kompyuta. Nikafunga mlango. Nikafunga na macho, nikaenda kukaa nje kwenye jua mpaka moyo ukarudi mahali pake. Jamani, mama mkwe! Mtu ambaye ukimwona njiani unampisha upande wa pili, nikae nimsikilize akifunda mwali?

Lakini malalamiko bila uzito ni manung'uniko. Nikaona niyatie uzito. Nikaandika:

*Naapa nimezisikiliza sauti hizi zote mimi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na baadhi nimezirudia ili kujiridhisha.*

Nikaisoma mara ya pili. Nikajiona wakili.

Simu ikanigeuzia Kiswahili changu kuwa Kiingereza, na ili wasije wakasema hawakuelewa, nikaweka vyote viwili, Kiingereza juu, Kiswahili chini. Mwisho kabisa palikuwa na maandishi madogo na kisanduku cha tiki. Nikatia tiki kama tunavyoitikia "amina" kwenye dua ambayo hatukuisikia.

Nikatuma.

*

Jibu lilikuja kabla sijainuka kitini. Nikafurahi, nikampigia Bi Esha, akaja mbio. Nikamsomea, natafsiri neno kwa neno.

"'Ndugu Mlalamikaji. Malalamiko yako tumeyapokea. Sisi hatuhifadhi sauti unayoilalamikia. Sisi tunapitisha tu. Malalamiko yako nayo tumeyapitisha kwa mhusika. Kumtaja mhusika si utaratibu wetu.'"

Bi Esha akaniangalia.

"Rudia."

Nikarudia.

"Sauti wanaihifadhi?"

"Hawaihifadhi, mama."

"Wameiba?"

"Hawakuiba."

"Aliyeiba wanamjua?"

"Wanamjua."

"Watamtaja?"

"Hawamtaji."

"Na kila anayetaka kunisikia lazima apite kwao?"

"Lazima."

Akatikisa kichwa taratibu. "Aa. Kumbe Ishaka kinyozi ana ndugu zake ng'ambo."

Kisha akaniomba nimsomee tena ule mwisho. Nikamsomea. Midomo yake ikawa inacheza polepole, kama mtu anayehifadhi sura mpya.

"Maneno mazuri haya," akasema. "Mtu akiwa nayo haya, hana deni la jibu kwa kiumbe yeyote."

Nilidhani anatania. Niandikieni hilo pia, katika hesabu ya ujinga wangu.

Alipoondoka tu, simu ikaita. Namba haionekani.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba! Karibu steshenari. Kopi, picha, mambo yote ya mtandao."

"Naongea na Najim Issa Mwinyimvua?"

"Ndiye."

"Wa nyumba yenye milango ya kijani nyuma ya msikiti, nikifika niulize kwa marehemu Issa fundi magodoro?"

"Hapo hapo! Umeshafika?"

"Hapana, kaka. Mimi ni yule mwizi."

Nikautoa mkono kwenye meza. "Mwizi gani?"

"Wa sauti ya mama mkwe wako."

Sauti ya kijana, safi, ya mtu aliyelelewa. Kama angekuja dukani ningempa kiti.

"Nimepiga kukushukuru," akasema. "Mimi naandikiwa malalamiko kila uchao. Watu wananitishia mahakama, wananitishia polisi, wananiita majina. Wewe ndiye wa kwanza kuniulizia wazazi."

"Hawajambo?" Nikajikuta nimeuliza. Adabu ni ugonjwa, ukikupata utotoni haukutoki.

"Mzee hajambo. Mama ndiyo miguu inamsumbua."

"Mpe pole."

"Zimefika."

"Sasa mdogo wangu, hiyo sauti itoe. Unamharibia mtu mzima riziki yake."

"Kuitoa siwezi, kaka. Ndiyo inayoniletea watu. Lakini hii barua yako..." Nikamsikia anacheka chini chini. "'Baadhi nimezirudia ili kujiridhisha.' Kaka mkubwa, barua kama hii ni dhambi kuisoma peke yangu."

Akakata.

Nikarudi kwenye ile fomu, nikayavuta yale maandishi madogo mpaka yakawa makubwa. Yalisema: *Nakubali kwamba jina langu, anwani yangu, simu yangu na malalamiko yangu yote yapelekwe kwa mwenye tovuti.*

Na pembeni yake, tiki yangu. Nzuri, imenyooka.

Kumbe mshenga wa ng'ambo hana neno la kumeza. Yeye anapeleka vyote, mpaka na salamu za wazazi.

*

Hata hivyo, msinihurumie mapema. Siku iliyofuata kampuni ikaniandikia tena. Ikasema, sisi kama ulivyoelezwa tunapitisha tu, lakini wanaoihifadhi tovuti yenyewe ni kampuni fulani, iko nchi fulani yenye baridi, waandikie wao.

Nikawaandikia. Safari hii nilishaungua: jina, kiungo cha tovuti, "hii si mali yake, iondoeni." Salamu sikutoa. Iliniuma, lakini sikutoa.

Alhamisi alasiri nikafungua ule ukurasa. Sauti hakuna! Nikajaribu kwa simu, hakuna. Nikajaribu kwa simu ya muuza kahawa, hakuna. Nikamkumbatia muuza kahawa. Nikampigia Bi Esha.

"Imetoka, mama! Imetoka yote!"

Nikasikia anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua ndoo.

"Allah akupe maisha, mwanangu," akasema. "Kesho baada ya swala. Njoo na mshenga."

Alisema *mwanangu*. Usiku ule nililala kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi.

Ijumaa asubuhi, kanzu yangu imepigwa pasi inasimama peke yake, nikaenda kwa Ishaka ninyolewe ndevu. Kuingia, mazungumzo yakakatika. Benchi zima likaniangalia. Mtu mmoja akajifunika gazeti usoni, gazeti likawa linatetemeka.

"Kaa, shemeji," Ishaka akasema. "Kaa, mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?"

"Unataka ndevu tu, au nikurudie ili ujiridhishe?"

Benchi likaanguka. Sisemi kwa mfano, nasema benchi lilianguka, na wazee waliokuwa juu yake.

Ishaka akanipa simu yake. Tovuti ni ile ile. Pale palipokuwa na mafunzo ya Bi Esha, pamewekwa maandishi makubwa: SAUTI HIZI ZIMEONDOLEWA KWA OMBI LA MKWE. Na chini yake barua yangu yote, Kiingereza na Kiswahili, na nyumba yenye milango ya kijani, na marehemu baba yangu na magodoro yake, na ile "mama mkwe wangu mtarajiwa" imepigiwa mstari.

"Ishaka," nikasema, "hii umeipata wapi?"

"Nimetumiwa jana magharibi."

"Umempa nani?"

"Mimi sijampa mtu, ndugu yangu. Mimi nimepitisha tu."

"Umepitisha wapi?"

"Kwenye kundi la vinyozi. Na la mpira. Na la msiba wa mjomba."

Nikatoka upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. Nikakimbilia dukani. Barua ni yangu, si ndiyo? Nimeitunga mimi. Basi hakimiliki ni yangu, na yule kijana kaiiba kama alivyoiba sauti. Nikaifungua ile fomu kwa hasira. Ikaniuliza: jina lako? Anwani yako? Simu yako? Eleza kazi iliyoibwa.

Nikaifunga.

*

Mzee Abdala nilimkuta ananisubiri barazani kwake, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nikamtazama nione kama anajua. Mkewe alichungulia dirishani, akaniona, akarudi ndani haraka, kikafuata kicheko cha kwikwi. Basi anajua.

"Mzee wangu, twende kweli?"

"Neno lilisemwa Ijumaa, Ijumaa tunakwenda."

"Na hii barua?"

"Barua si yangu." Akainuka kwa fimbo. "Mimi kazi yangu kupeleka neno. Likipokelewa, likitupwa, likifungiwa maandazi, mimi sihusiki. Mimi napitisha tu."

Nilitaka kulia.

Kaole tulipokelewa. Mkeka ulitandikwa, lakini kahawa haikuja. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa hilo. Mkeka usio na kahawa ni jibu tayari. Bi Esha alikaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango wa ndani. Nyuma yake pazia, na nyuma ya pazia miguu. Miguu minne. Miwili ya Adila, naijua. Miwili mingine nayo naijua: ya Zaina wa "mauti tu".

Mzee Abdala akamaliza salamu zote, za watu na za mifugo.

"Msata wamepiga," Bi Esha akaanza.

"Sauti si imetoka, mama?"

"Imetoka. Wamethibitisha imetoka. Kisha wakaniuliza kama ni kweli nafunda na wakwe siku hizi." Akautazama mkeka. "Kazi wamempa mtu wa Lugoba."

"Mama, mimi..."

"Ngoja. Nina swali moja, nalo ni dogo. Zile sauti ulizisikiliza?"

"Hapana, mama! Wallahi sikusikiliza! Nilisikia kikohozi tu, na mlango."

"Mlango gani?"

"Ule uliosema ufungwe."

Pazia likatikisika.

"Lakini umeandika umeapa," akasema. "'Zote, mimi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.' Ishaka kanisomea. Mkewe kanisomea. Muuza samaki kanisomea na mizani mkononi."

"Nilitia uzito, mama. Malalamiko yasichukuliwe mepesi."

"Basi nisaidie mtu mzima mwenzio." Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama anamfunda mwali. "Kama ulisikiliza, huna haya, na asiye na haya simpi Adila. Kama hukusikiliza, umeapa uongo, na mwapa uongo simpi Adila. Chagua wewe mwenyewe nikunyime kwa lipi."

Nikamtazama Mzee Abdala. Mzee Abdala alikuwa anahesabu nyuzi za mkeka.

"Mama, nisikilize," nikasema, na sauti ikanipanda. "Mimi ile barua sikuiandika isomwe kwa kinyozi! Nimeipa kampuni. Kampuni ikampa mwizi. Mwizi akaiweka wazi. Ishaka akaichukua akaisambaza. Kosa langu liko wapi hapo? Kila mtu kashika, kila mtu kapeleka, mimi peke yangu ndiye nasimamishwa! Mimi nilikuwa mtu wa katikati tu. Nimechukua kilio chako nikakifikisha. Mimi nimepitisha tu!"

Neno lilipotoka ndipo nililisikia. Nikatamani lirudi. Halikurudi.

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajiziba mdomo. Sikujua ni yupi kati ya wawili.

Bi Esha hakucheka. Alikuwa amenitulizia macho, na midomo yake ikaanza kucheza polepole, kama siku ile dukani.

"Vizuri," akasema.

"Mama, ahadi ni ahadi," nikasema haraka, maana nilihisi mlango unafungwa. "Ulisema sauti ikitoka tuzungumze. Imetoka. Nimeitoa mimi. Aibu yote nimeibeba mimi, mpaka baba yangu kaburini kaibeba. Basi niambie jambo moja niondoke: posa yangu ya Adila, umeikubali au umeikataa?"

Akasimama. Akajitanda ushungi, akaukaza begani. Akalishika pazia, na kabla hajaingia ndani akageuka.

"Posa yako, mwanangu, mimi siihifadhi. Mimi napitisha tu. Nimeshaipitisha kwa mhusika. Na kumtaja mhusika si utaratibu wetu."